Maji Hurudi, Mengine Je?

Sisi watu wa pwani ya kusini tuna methali ambayo kila mtoto huisikia kabla hajajua kuhesabu: maji yakijaa hupwa. Anayetamba leo huambiwa hivyo, naye aliyefilisika huliwazwa kwa upande wake wa pili, kwamba yaliyokupwa yatajaa tena. Ni methali nzuri, na wazee wetu wamevumilia mengi kwa msaada wake. Lakini nimekuwa nikijiuliza kama haijatuharibu pia, kwa kutuzoesha kuamini kwamba kila kilichoondoka kiko njiani kinarudi, na kwamba kazi yetu sisi ni kukaa barazani na kusubiri.

Nataka niliweke swali langu wazi mapema, tusije tukapotezana njiani. Je, kilichoondoka mahali kinadaiwa kurudi? Na kama kuna deni, nani mdai na nani mdaiwa? Sitalijibu kwa kuwataja wanafalsafa wa Ugiriki. Nitalijibu kwa mahali ninapopajua: mkono wa bahari wa Lindi.

Mimi ni mtu wa Rutamba, kama kilomita 40 hivi kutoka Lindi mjini ukielekea magharibi, upande wa Rondo. Kwetu kuna ziwa. Katika ramani za zamani utaliona limeandikwa Lutamba. Maji ya ziwa huongezeka masika na kupungua kiangazi, basi, hayana safari. Mtu aliyekulia kando ya maji ya namna hiyo akishuka Lindi hupata mshangao. Asubuhi mitumbwi inaelea, mchana imelala ubavu kwenye tope, jioni inaelea tena, na hakuna aliyeigusa.

Wengine huyaita maji yale mto, wengine bahari, na wote wana haki. Mto Lukuledi huteremka kutoka nchi ya Masasi, ukapita kati ya miinuko miwili, Makonde upande wa kusini na Rondo upande wa kaskazini, na kuishia katika ghuba ya Lindi. Miaka kama 20,000 iliyopita dunia ilikuwa ya baridi, na maji mengi yalikuwa yamefungwa katika barafu, hata usawa wa bahari ukawa chini kwa zaidi ya mita 100 kuliko leo. Mto ukajichimbia bonde lake hadi ufuko wa wakati ule. Barafu ilipoyeyuka bahari ikapanda, ikaingia bondeni, ikakaa. Ndivyo ilivyokuwa Mikindani, ndivyo ilivyokuwa Kilwa, na ndivyo ilivyokuwa huko Dar es Salaam mnakopita kila siku bila kugeuza shingo: Magogoni, Kurasini, na mdomo wa Msimbazi pale Daraja la Selander. Kwa hiyo, ewe msomaji wa Bongo, usidhani nazungumzia mambo ya mbali.

Kila muda wa saa 24 na dakika 50 hivi, maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa katika pwani yetu hupita mita tatu. Siku za maji mafu hupungua sana. Mikoko hukaa katikati ya mipaka hiyo miwili, nusu siku majini na nusu siku hewani, wala hailalamiki. Mji uko upande mmoja, Kitunda iko upande wa pili, na watu huvuka kwa pantoni au kwa mtumbwi.

Lakini ukichunguza vizuri utaona kwamba hata maji yenyewe hayarudi yaleyale. Yanayotoka huchanganyika na bahari kuu, na yanayoingia ni mengine. Masika Lukuledi hushusha udongo wa mashamba ya watu, nao udongo huo haujawahi kupanda tena kilimani kwa sababu maji yamejaa. Kumbe hata pale mahali pa methali, kinachorudi ni kimo cha maji tu. Mengine yote huenda kwa kanuni nyingine.

Wa kwanza kuondoka ninaotaka kuwataja ni wale waliopita wamefungwa. Katika karne ya 19 misafara ya watumwa ilitoka nchi ya Wayao na kandokando ya Ziwa Nyasa ikateremka hadi Kilwa Kivinje, Lindi na Mikindani. Hapo walipakiwa majahazini, wengine wakaishia mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba, wengine Arabuni na mbali zaidi. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara hiyo kwa njia ya bahari, ingawa magendo yaliendelea kwa miaka baada ya hapo.

Tunamjua mmoja aliyefanikiwa kurudi, tena nusu ya njia. Sidi Mubarak Bombay alikuwa Myao aliyetekwa akiwa mtoto, akapitishwa Kilwa, akauzwa hadi India. Bwana wake alipofariki akapata uhuru wake, akarejea Unguja. Mwaka 1857 alifuatana na Burton na Speke kwenda bara, baadaye akafuatana na Stanley, kisha akavuka bara zima na Cameron. Mtu huyu alitembea Afrika kuliko karibu wote wa zama zake, lakini alipofariki mwaka 1885 makazi yake yalikuwa Unguja, si kijiji alichochukuliwa. Jina alilofia nalo ni jina la mji wa kigeni. Ikiwa yeye aliyekuwa na miguu ya namna ile hakurudi kwao, wale wengine maelfu wangerudi kwa nini? Kwa bamvua?

Na hapa, ndugu msomaji, pana mwiba ambao hatupendi kuukanyaga. Misafara ile haikuendeshwa na wageni watupu. Walikuwamo watekaji, wapagazi, walinzi na wauzaji waliokuwa watu wa nchi hii hii, babu za baadhi yetu. Kwa hiyo mtu wa pwani anaposimama kudai, naye pia anadaiwa. Siwezi kuwarudishia waliouzwa nchi yao, wamekwisha kufa. Ninachoweza kukataa ni ule usemi wa starehe kwamba “hayo yamepita na maji”. Maji hayakuwachukua. Waliochukua walikuwa watu, wakawahesabu kichwa kwa kichwa, wakapokea bei.

Wa pili kuondoka walikuwa wamekwisha kufa muda mrefu. Mwaka 1906 mhandisi wa Kijerumani, Sattler, aliona mfupa mkubwa umejitokeza ardhini karibu na kilima cha Tendaguru, kaskazini-magharibi ya Lindi. Kuanzia 1909 hadi 1913 makumbusho ya Berlin yaliendesha uchimbaji mkubwa pale. Mamia ya watu walichimba, na wapagazi wakabeba mifupa vichwani na mabegani kwa mwendo wa siku nne hivi hadi Lindi, ikapakiwa melini. Zaidi ya tani 200 zilitoka kwa njia hiyo. Mjusi mmoja wa miaka milioni 150 alisimamishwa Berlin mwaka 1937, na leo yupo palepale, kimo chake mita 13.27. Mzazi wa Lindi akitaka kumwonyesha mwanawe mnyama wa nchi yake, lazima aombe viza.

Najua yatakayosemwa, maana nimeyasikia kijiweni na hata kwa wasomi. Eti mifupa ile ingekuwa bado imelala udongoni kama si Wajerumani. Eti hatuna nyumba ya kuiweka. Eti wachimbaji walilipwa. Ni kweli walilipwa. Lakini tukumbuke miaka. Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, vilikuwa vimetoka tu kuichoma kusini yote, na njaa iliyofuata iliua watu kuliko risasi. Mtu aliyetoka katika njaa ile akipokea ujira wa kubeba mzigo, ameuza nguvu zake za siku nne. Huwezi kusema ameuza na ardhi ya wajukuu zake. Na kuhusu nyumba: asiye na kabati hapotezi haki ya nguo yake.

Hata hivyo kuna kitu kimoja ambacho kimeanza kurudi, nacho ni kidogo na kikubwa kwa pamoja. Msimamizi wa wachimbaji wale alikuwa Boheti bin Amrani. Mwingine aliyeongoza uchimbaji aliitwa Mohammadi Keranje. Kwa miaka mingi makumbusho yaliwasifu maprofesa. Lakini mwaka 2007 mjusi mmoja wa Tendaguru alipewa jina la kitaalamu Australodocus bohetii, kwa heshima ya Boheti. Mwaka 2019 mwingine akaitwa Wamweracaudia keranjei, kwa heshima ya Wamwera na ya Keranje. Sasa mtu yeyote duniani anayetaka kumtaja mnyama huyo sharti ataje kabila letu, atake asitake. Mifupa bado iko Berlin. Jina limerudi, na limerudi kwa sababu moja tu: mtu aliyaandika majina yale wakati wa kazi, na mtu mwingine karibu miaka mia baadaye akaenda kuyasoma.

Wa tatu walirudi kweli, na hao nimepokea habari zao nyumbani kwetu. Baada ya FRELIMO kuanza vita vya ukombozi mwezi Septemba 1964, wakimbizi walivuka Ruvuma kuingia Tanganyika, ambayo mwaka huohuo ilikuwa imepata jina jipya la Tanzania. Wengi, hasa Wamakonde, walipewa makazi Rutamba. Walifyeka, wakalima, wakazaa, wakazika. Ziwa letu lisilo na safari likawa mwenyeji wa watu ambao maisha yao yote yalikuwa safari. Bibi yangu alikuwa akisema kwamba walilima kama watu watakaokaa milele, na walizungumza kama watu watakaoondoka kesho. Msumbiji ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975, wengi walifunga mizigo.

Hao ndio waliorudi. Lakini angalia kilichowarudisha. Haikuwa subira peke yake. Ilikuwa vita ya miaka kumi, ilikuwa kambi ya Nachingwea walikofundishwa wapiganaji, zilikuwa serikali mbili na mikataba yake, na yalikuwa maiti ambayo hayakurudi kokote. Wahenga walisema subira yavuta heri. Sawa, lakini neno lenyewe ni kuvuta. Mwenye kuvuta ameshika kamba, mikono inamuuma.

Sasa tuje kwetu, mimi na wewe, maana msafara wa nne ndio sisi. Vijana wa kusini tumekuwa tukiondoka tangu zamani, na tumeondoka kwa wingi hata jina la kabila likageuka jina la kazi. Wamachinga ni watu wa huku kwetu, mkoa wa Lindi. Leo ukisema machinga pale Kariakoo hakuna anayefikiria kabila. Anafikiria kijana mwenye bidhaa begani anayekimbizana na mgambo. Mwaka 2010 lilifunguliwa hadi jengo, Machinga Complex. Mchaga akiuza soksi ni machinga, Msukuma akiuza mikanda ni machinga. Jina letu limetangulia mjini likapata ajira kabla yetu.

Nina mjomba anayeishi Kitunda, mvuvi. Kwa sisi Wamwera mjomba si ndugu wa kupitia tu. Ndiye mwenye neno. Nilipomwambia kwamba najiuliza kama aliyeondoka anadaiwa kurudi, alicheka.

“Mjomba,” akaniambia, maana kwetu jina hilo huitana pande zote mbili, “hilo swali lako la watu walioshiba. Wazungu walileta reli hapo Mkwaya ya kwenda Nachingwea, karanga zao. Watu wakasema Lindi imefunguka. Karanga zikakataa, reli ikang'olewa, bandari kubwa ikawa Mtwara, makao ya jimbo nayo yakaenda hukohuko. Kuna aliyerudi kutuomba radhi?”

“Hakuna, mjomba.”

“Basi. Kinachoondoka kimeondoka. Mimi natega nyavu kwa maji yaliyopo.”

Historia yake ni sahihi. Mpango wa karanga ulianza 1947 na ulitangazwa kushindwa mwaka 1951. Reli iliyoanzia Mkwaya, juu kidogo kwenye mkono huohuo wa bahari, ilifika Nachingwea mwaka 1949 na ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Na jibu lake lina heshima ndani yake, ni la mtu asiyetaka kuishi kwa kuomba. Lakini sikubaliani naye. Yeye na mwenye methali wanafanana kuliko wanavyojijua. Mmoja anasema kitarudi chenyewe, mwingine anasema hakirudi kabisa, na wote wawili wanaishia kukaa palepale. Hakuna kati yao anayeuliza: nani aende kukifuata?

Ninavyoona mimi, lazima tutofautishe. Aliyeondolewa kwa nguvu hadaiwi kitu. Yeye ndiye mdai, na akiwa amekufa deni lake linabaki kwetu, kulitaja bila kupunguza. Kitu kilichochukuliwa kinadaiwa kwa aliyekishika, hata kama amekifuta vumbi vizuri. Ama aliyeondoka kwa hiari yake, huyo hadaiwi mwili wake. Mtu si mfupa wa makumbusho kwamba arudishwe alikochimbuliwa. Nampinga kabisa anayesema kijana wa Lindi aliyeko Mbagala au Muscat ni msaliti. Njaa si ukabila. Mtu ana haki ya kwenda mbali na kufanikiwa huko, hata akazikwa huko.

Lakini anadaiwa kitu kingine, nacho ni habari. Anadaiwa hesabu ya alikotoka na alikofika, iliyoandikwa au kusimuliwa kwa namna ambayo aliyebaki anaweza kuisoma na kuikatalia. Nasema kuandikwa makusudi, kwa kuwa mkono wa bahari wa Lindi umewahi kutufundisha uzito wa karatasi. Mwezi Oktoba 1914, manowari ya Waingereza iitwayo Chatham iliikuta meli ya Wajerumani, Präsident, imejificha ndani ya mto Lukuledi. Meli yenyewe haikuwa kitu. Kilichokuwa kitu ni karatasi zilizokutwa ndani, zilizoonyesha kwamba makaa ya mawe yalikuwa yakipelekwa Rufiji. Kwa karatasi hizo Waingereza wakajua pa kuitafuta manowari ya Königsberg, na kabla mwezi huo haujaisha wakaiona imejificha ndani ya delta. Wakaizingira, na Julai 1915 ikaangamizwa. Chombo kikubwa kama kile kiliangushwa na risiti za makaa! Maji yalifuta nyayo, mikoko ikaficha milingoti, lakini maandishi yakasema.

Wale waliouzwa hawakuandikiwa majina, ndiyo maana leo tunawataja kwa maelfu. Boheti na Keranje waliandikwa, ndiyo maana wamerudi kama majina. Tofauti kati ya makundi hayo mawili haikuletwa na mwezi wala bamvua. Imeletwa na kalamu, na kwa bahati mbaya kalamu hiyo haikuwa mikononi mwetu.

Nilimweleza mjomba haya yote. Akaendelea kushona wavu wake, kisha akasema, “Sawa. Lakini mnaandika hukohuko, mnasomana hukohuko. Mimi humu Kitunda nitalipwa nini na gazeti lenu?” Sina jibu kamili la swali hilo, na sitaki kulipamba. Pengine malipo yenyewe ndiyo hayo, kwamba tulipeleke Kitunda, tumsomee, na pale tulipokosea jina la mkondo au la samaki atukatize. Habari isiyoweza kukatizwa na inayowahusu bado haijarudi; iko Berlin, tofauti ni kwamba imeandikwa kwa Kiswahili.

Katika Kiswahili chetu neno lindi ni shimo refu. Kila siku tunasikia redioni watu wakitajwa kuwa katika lindi la umaskini, lindi la mawazo. Nimechoka kusikia jina la kwetu likitumika kwa kuzama tu. Kina ndicho kinachoruhusu meli kuingia. Kwa hiyo kwako wewe unayejifunza kuandika, uwe umetoka Rutamba, Mchinga, Kyela au Tandale, nakuachia kazi moja. Taja vitu vitatu vilivyoondoka kwenu: mtu, kitu na jina. Uliza nani aliviondoa, viko wapi, na nani anajua. Halafu usikae kungoja bamvua.